Mwongozo kamili: kutoka Mtwara hadi mechi ya watani Dar, na tamthilia yetu isitupite hata siku moja

Jumatatu hadi Ijumaa, ikikaribia saa 1 usiku, kandambili huanza kujipanga mlangoni kwangu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Majirani wanakuja kuangalia tamthilia yetu, ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na mimi hupenda waje, maana tamthilia ukiiangalia peke yako hakuna wa kumshika mkono pale mambo yanapoharibika. Chumbani humo wamo wa Simba na wamo wa Yanga. Tulianza kwa kubishana nani kamsaliti nani kwenye tamthilia, ubishi ukahamia kwenye mpira, na siku moja fundi cherehani wa jirani akasema: kwa nini tusiende wote tukaione mechi ya watani, Simba na Yanga, kwa macho yetu?

Tumeshakwenda, na sasa tunajiandaa kwenda tena. Ninayoyaandika hapa ni yale tunayoyafanya sisi, pamoja na tuliyojifunza kwa machungu. Kwetu saa ya tamthilia ndiyo inayoibeba safari nzima. Watu wanaokutana kila jioni kwa kitu wanachokipenda hawahitaji kuitishwa kikao; mahali wanapo, muda wanao, na wanajuana.

Hatua ya kwanza: kopo la tamthilia

Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, toboa mfuniko kwa kisu upana wa noti iliyokunjwa, liweke kwenye meza ya televisheni, kando ya kisimbuzi. Kila anayesafiri anatia Sh 1,000 kabla tamthilia haijaanza. Ile nyimbo ya mwanzo inapopigwa, kopo linazunguka. Nyimbo inapokwisha, kopo linarudi mezani. Mwenye daftari anaweka alama ya tiki mbele ya jina. Ijumaa usiku kopo linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, kisha zinaingizwa kwenye simu ya mweka hazina. Mweka hazina wetu ni wa Yanga na mshika daftari ni wa Simba, na utaratibu huo umetuondolea maneno mengi.

Kwa siku tano za wiki, mtu mmoja anapata Sh 5,000. Wiki 22 zinampa Sh 110,000. Mtu akiambiwa atoe hiyo kwa mkupuo ataona mlima, lakini elfu moja ya jioni hakosi.

Tamthilia za Kituruki zinasaidia sana kwa sababu ni ndefu. Huko kwao sehemu moja huweza kupita saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, ndiyo maana moja tu hudumu miezi na miezi. Muda wote huo ni wa kuweka akiba. Ukichagua tamthilia inayobakiza wiki tatu kwisha, kopo litakufa nayo, kwa hiyo anzeni pale mpya inapoanza.

Wakulima wa korosho tunawapa utaratibu wao. Minada huanza Oktoba na pesa hutoka kwa awamu, kwa hiyo wao hulipa kwa mafungu makubwa baada ya malipo, na daftari linaonyesha hivyo. Bahati nzuri mechi ya mzunguko wa kwanza mara nyingi huangukia msimu huo: ya 2023 ilikuwa Novemba 5, siku Yanga walipowafunga Simba 5-1, na ya 2024 ilikuwa Oktoba 19, Yanga wakashinda 1-0. Mimi ni wa Simba na nimeziandika hizo tarehe bila mkono kutetemeka.

Hatua ya pili: piga hesabu kwa kilomita

Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Viwango vya nauli vilivyotangazwa Desemba 2023 na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, viliruhusu hadi Sh 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida kwenye lami, na Sh 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha mwenyewe: kawaida inakuja karibu Sh 27,100, kati inakuja karibu Sh 38,000, kwenda tu. Nauli hubadilika, kwa hiyo ulizia kiwango cha sasa kabla ya kupanga. Ukishajua namna ya kuzidisha, mpiga debe hawezi kukutajia bei ya kubuni. Dai tiketi ya mtandao yenye jina lako, maana hiyo ndiyo ushahidi basi likiharibika njiani.

Sisi tunagawa Sh 110,000 hivi: nauli ya daraja la kawaida kwenda na kurudi inakula nusu yake. Inayobaki ni tiketi ya uwanjani, chakula, daladala, na malazi kwa asiye na ndugu. Wengi wetu tunao. Mbagala imejaa watu wa kusini, ukiuliza vizuri hukosi shangazi, shemeji au mtu wa kijiji kimoja na mama yako. Mpigie wiki mbili kabla, mwambie ukweli kwamba mko wangapi, na usiende mikono mitupu. Kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, na ming'oko mibichi, vile viazi pori vya kusini, kama ni msimu wake, zitakufungulia mlango hata usiku wa manane.

Kisha weka fungu la pembeni ambalo halina jina la matumizi. Sisi tunaliita fungu la kurudi tena, na sababu yake ni hii.

Mei 8, 2021 tulikuwa Dar, watu 14. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na tulisafiri tukiwa tumefunga. Mechi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo muda ukasogezwa hadi saa 1 usiku, kukawa na mvutano, na mwisho haikuchezwa. Magharibi ilitukuta kwenye viti. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu, hatumjui hata kidogo, alifungua leso yake akagawa tende, mojamoja, kwa kila aliyenyoosha mkono, mwenye jezi nyekundu na mwenye jezi ya kijani. Tulifuturu hivyo, kwa tende moja na maji ya kifuko, tukiangalia nyasi tupu.

Mechi ilikuja kuchezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Kati ya sisi 14 walioweza kurudi Dar ni watano tu, kwa sababu wengine walikuwa wamemaliza kila shilingi safari ya kwanza. Machi 8, 2025 ikatokea tena, mechi ikaahirishwa siku yenyewe, ikachezwa Juni 25. Safari hiyo tulikuwa na fungu la pembeni na aliyetaka kurudi alirudi. Ukisikia mtu anasema mechi ya watani haiwezi kuahirishwa mara mbili, mkumbushe tarehe hizo.

Hatua ya tatu: safari ya mazoezi, Ruangwa

Kabla ya kuwapeleka Dar watu ambao hawajawahi kusafiri pamoja, wapelekeni Ruangwa. Namungo FC, Wauaji wa Kusini, wanacheza Uwanja wa Majaliwa. Walipanda Ligi Kuu 2019, na msimu wa 2020/21 wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, timu ya kutoka wilaya moja ya Lindi. Simba au Yanga wakija hapo, ni mpira mkubwa karibu na nyumbani. Kutoka Mtwara unapita Mingoyo, unashika njia ya Masasi, kisha Nanganga unakata kulia.

Safari hii itakuonyesha nani huchelewa, nani hutapika garini, nani akipata pesa mkononi hupotea sokoni. Pia ndiyo safari ya kuwapeleka watoto. Mechi ya watani Dar siwashauri wenye watoto wadogo. Msongamano wa mageti ni mkubwa, na mtoto haoni kitu zaidi ya migongo.

Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ikiwa inacheza nyumbani, uwanja wa Nangwanda Sijaona, nendeni hata kwa miguu. Wana Kuchele hao walishuka Ligi Kuu 2020 na bado wanatuuma moyoni.

Hatua ya nne: chagua siku ya kuondoka kwa kuangalia tamthilia

Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wanaangalia saa ya mechi tu.

Chukua mechi ya Jumamosi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, na wengi wanakimbilia basi la Ijumaa jioni ili wafike asubuhi ya mechi. Ukifanya hivyo, saa ya tamthilia itakukuta barabarani, na Ijumaa ndiyo siku wanayomalizia wiki kwa jambo zito. Tena utafika uwanjani na macho mekundu. Sisi tunapanda basi la alfajiri, la saa 12. Kwa mwendo wa basi na vituo vyake ni saa kumi hivi, kwa hiyo saa 10 au 11 jioni tuko Mbagala. Tunaoga, tunakula, na saa 1 usiku tumeshajipanga sebuleni kwa shangazi, televisheni imewashwa. Jumamosi mechi. Jumapili alfajiri tunapanda basi la kurudi, na Jumatatu jioni kopo liko mezani kama kawaida. Hakuna hata sehemu moja iliyopita.

Mechi ikiwa Jumapili, rudini Jumatatu kwa basi la kwanza la alfajiri, na mwombe Mungu lisipasuke tairi.

Mechi ya katikati ya wiki ndiyo kazi. Ile ya Juni 25, 2025 ilikuwa Jumatano saa 11 jioni, kwa hiyo jioni tatu zilikuwa hatarini. Jumanne na Alhamisi tuliziokoa kwa basi la alfajiri, ya Jumatano yenyewe ikabaki. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni marudio: uliza mapema saa ngapi sehemu ya jana inarudiwa, iandike kwenye daftari. Ya pili ni programu ya kampuni ya kisimbuzi chako kwenye simu. Hakikisha inafunguka ukiwa bado nyumbani na unaikumbuka nywila, usisubiri kuihangaikia Temeke. Kwa video ya ubora wa kawaida tenga kama GB moja kwa saa. Ukishusha ubora, bando litakwenda mbali zaidi.

Angalia pia malipo ya kisimbuzi yanaisha lini. Kikizimika Ijumaa usiku ukiwa Dar, waliobaki nyumbani watakosa vyote viwili, tamthilia na mechi, maana mechi za ligi zinaonyeshwa na Azam TV chini ya mkataba wa miaka kumi uliosainiwa 2021, na kibanda umiza, kile cha kuonyesha mpira kwa kiingilio, siku hiyo kinajaa mpaka dirishani. Sisi tuna bibi wa nyumba ya pili aliyekataa safari kwa sababu ya magoti. Yeye ndiye hubaki na ufunguo wangu, rimoti na chupa ya chai. Akiangalia sehemu ambayo sisi hatukuiona, hatupigii simu, hatumi ujumbe, hakohoi hata kikohozi cha kuashiria. Tukirudi anatuangalia machoni na kusema, "Kaeni chini wanangu, marudio saa nne."

Kwa watakaokuwa safarini sheria ni hiyohiyo. Atakayesimulia sehemu ambayo wenzake hawajaiona ananunua maji ya basi zima.

Hatua ya tano: tiketi ya uwanjani

Thibitisha kwanza uwanja. Mechi hii nyumbani kwake ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000, lakini uwanja huo umewahi kufungwa kwa matengenezo na mechi kupelekwa kwingine, kama KMC kule Mwenge au Azam Complex Chamazi. Chamazi iko upande wa Mbagala, ni jirani kwa sisi tunaotoka kusini. Mwenge ni kukatiza jiji zima. Tofauti hiyo inabadilisha mahali pa kulala.

Tiketi zinaingizwa kwenye kadi ya N-Card. Kila mtu awe na yake, ainunue mapema, na namba yake iandikwe kwenye daftari la kopo. Tiketi zikianza kuuzwa, mtu mmoja mwenye mtandao mzuri akae aanze kulipia kadi moja baada ya nyingine kwa simu, mwenzake akisoma namba kwa sauti tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, umemnunulia tiketi mtu usiyemjua. Usinunue kwa mtu wa mkononi nje ya geti hata akikuonyesha nini.

Jukwaa la mzunguko ndilo la bei nafuu na ndiko kwenye ngoma. Juu yake kwa bei kuna viti vya rangi ya machungwa, halafu VIP C, B na A. Nashauri mzunguko kwa mtu mzima mwenye afya, nenda ukashangilie. Mwenye umri au mgonjwa wa mgongo mchangieni akae kwenye utulivu zaidi.

Hatua ya sita: barabarani

Beba chakula. Ming'oko ya kuchemsha haimwagiki, haichachi haraka na inashibisha. Ongeza korosho, mihogo ya kukaanga na maji. Chumvi ya ming'oko ifunge kwenye karatasi kando, ukiinyunyizia mapema inatoa maji. Utapita Mikindani, Mingoyo, Lindi, Mchinga, Nangurukuru, Somanga, halafu Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, na Mbagala.

Kwenye daraja hilo sisi huwa tunanyamaza kidogo. Ni refu, karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003, na kabla yake watu wa kusini walivuka mto kwa kivuko, wakati wa mvua walikaa siku nyingi njiani. Mzee Mkapa ni mtoto wa Lupaso, Masasi, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2020, mwaka uleule Uwanja wa Taifa ulipopewa jina lake. Mtu wa Mtwara anavuka mto kwa daraja la Mkapa ili akaingie uwanja wa Mkapa. Kila nikipita hapo nasikia fahari, na huwa nawaambia vijana wainue macho kwenye simu.

Mechi ya mzunguko wa pili huweza kuangukia masika, na hapo ulizia barabara siku mbili kabla. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Kilwa, magari yakalala porini. Njia ya kuzungukia Songea ipo, lakini si ya mtu mwenye mechi kesho.

Garini utani ni ruhusa mpaka Lindi. Baada ya hapo watu walale.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Kutoka Mbagala chukua gari la abiria la Barabara ya Kilwa, shuka Uhasibu, kisha tembea na umati. Huna haja ya kuingia Kariakoo. Ondokeni mapema kuliko mnavyodhani inatosha. Sisi kwa mechi ya saa 11 tunakuwa getini saa 7 mchana, tumekula. Simu mfuko wa mbele, pesa ya kurudia iko ndani ya nguo, tiketi za basi zimebaki kwa shangazi.

Kabla ya kuachana kuingia kila mtu upande wa timu yake, tunachagua mahali pa kukutania baada ya mechi, mahali penye kitu kisichohama, kama ukuta au mti; usiseme "pale kwa muuza machungwa". Mtandao wa simu hulemewa watu wakitoka kwa pamoja, na hapo ndipo utakapouona umuhimu wa ule mti. Waliofungwa hufika kwanza. Walioshinda wakifika, tuna desturi moja: hakuna kushangilia mpaka wote wahesabiwe. Mshika daftari anasoma majina, kila mtu anaitika, na jina la mwisho likiitika ndipo fundi cherehani anaruhusiwa kuimba. Ameimba mara nyingi miaka hii, mimi nikiwa nimemshikia jezi yake ya kijani ili asiiangushe.

Jumapili saa 10 alfajiri anayeamsha wenzake ni yule aliyepangwa tangu Mtwara. Jumatatu jioni mfuniko wa kopo unafutwa vumbi, daftari linafunguliwa ukurasa mpya, na bibi anarudisha ufunguo.